Dakika Kumi na Moja za Asidi

Mlangoni mwa maabara yetu kuna sanduku la plastiki, na ndani yake simu zetu zote hulala kuanzia asubuhi mpaka kazi iishe. Sheria hiyo aliileta Mkaguzi wa Ubora, na siku aliyoileta mimi ndiye niliyelalamika kwa sauti kuliko wote. Nilimwambia sisi si watoto wa chekechea. Akanijibu kwamba hilo analijua, kwa kuwa watoto wa chekechea wakiambiwa kitu husikia.

Tangu siku hiyo hatukupatana, mimi na yule mzee. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, mfupi, mkavu, kalamu nne mfukoni, na haamini kitu mpaka akione kwenye karatasi. Mimi nina haraka, na mdomo wangu hauna kifuniko. Lakini kazi naijua. Naendesha mashine inayounganisha nyuzi fupi za asidi nukleiki, yaani vipande vya DNA na jamaa zake, herufi moja baada ya nyingine. Watu wakisikia DNA hufikiria kesi za kumtafuta baba wa mtoto. Nikiwaambia mimi naitengeneza, tena kwa oda, wanadhani nimeanza kunywa.

Mwaka huo oda iliyokuwa mezani ilikuwa ya mtoto mmoja tu duniani, na mtoto huyo alikuwa mpwa wangu.

Mama yake ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki nikiwa darasa la pili. Mtoto mwenyewe ana miaka saba na sote tunamwita Meneja, kwa sababu tangu ajue kusema amekuwa akitupangia kazi. "Mjomba, kaa hapa. Mama, usimpe Mjomba chai mpaka avue viatu." Alipotimiza miaka sita alianza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Halafu ulimi ukawa mzito. Halafu hata maziwa yakawa yanampalia. Walimpima huku na kule karibu mwaka mzima, mpaka daktari mmoja wa neva akakipata chanzo. Katika jeni moja, herufi moja tu ilikuwa imebadilika. Jeni hiyo anazo nakala mbili kama sisi sote. Moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa na lile kosa, na kwa sababu yake mwili ulikuwa ukitengeneza protini inayoua seli za neva, polepole, bila siku ya mapumziko.

Nilimweleza dada jambo hilo kwenye chumba chake cha kushonea, huku akiendelea kushona sare za shule.

"Jeni ni ile karatasi yako ya kukatia nguo," nilisema. "Yenyewe haitoki kabatini. Inanakiliwa, na nakala ndiyo inayokwenda mezani kwa fundi. Hiyo nakala ndiyo RNA."

"Na ya Meneja ina kosa."

"Zinatoka za aina mbili, nzima na mbovu. Nataka kuikamata ile mbovu kabla haijafika mezani."

"Kwa kitu gani? Kwa mkono?"

"Kwa uzi wa herufi ishirini unaolingana nayo. Herufi hizi huchaguana, kila moja na mwenzake. Uzi wangu ukishikana na nakala mbovu, kuna kimeng'enya mwilini kinachokuja kuikata vipande."

Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Na mwili hautautafuna huo uzi wako?"

Dada yangu aliacha shule ili mimi nisome. Kila akiniuliza swali la namna hiyo nasikia aibu, kwa sababu wapo watu wenye shahada mbili ambao hawajawahi kuniuliza.

"Uzi wa kawaida ungetafunwa ndani ya dakika chache," nilimwambia. "Kwa hiyo tunaubadilisha. Kwenye kila kiungo cha uti wake tunatoa oksijeni moja, tunaweka salfa. Na zile herufi tano za kila mwisho tunazipa sukari yenye nyongeza, ili ncha zisiliwe."

"Umepiga pindo."

"Nimepiga pindo."

"Basi shona," alisema, akarudisha mguu.

Daktari wa neva hakumficha kitu. Dawa ikifanya kazi, alimwambia, itausimamisha ugonjwa pale itakapoukuta. Kilichokwisha kupotea hakitarudi. Kwa hiyo kila wiki ilikuwa na uzito wake, na dada alianza kuzihesabu kwa chaki ukutani, juu ya meza ya kupigia pasi.

Kazini, mkuu wa maabara aliniita ofisini kwake. Ni mwanamke mwenye sauti ndogo, na sauti hiyo ikizidi kuwa ndogo ujue mambo yameharibika.

"Wewe ni ndugu wa mgonjwa," alisema. "Kwa utaratibu wetu hukupaswa hata kuukaribia mlango wa chumba kile. Lakini mwenzako yuko likizo ya uzazi, na hakuna mwingine anayeijua mashine. Utaunganisha wewe. Kupima na kupitisha ni kwa Mkaguzi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Daktari."

Nilielewa kila kitu. Na asubuhi ya kazi nilipofika kwenye lile sanduku la mlangoni, nikatumbukiza humo simu yangu ya zamani iliyokufa, na ile nzima nikaichomeka ndani ya soksi. Sikuona vibaya hata kidogo. Mtoto alikuwa nyumbani na mama yake peke yao, baba yake alishatoka katika maisha yao zamani, na mimi ndiye mtu wao wa kwanza kupigiwa. Sheria ya mzee, niliwaza, iwabane wenye simu za umbea.

Sasa nieleze mashine inavyofanya kazi, maana bila hilo hamtanielewa nilivyoharibu. Uzi hukua juu ya chembe ndogo ngumu zilizojazwa ndani ya bomba fupi la chuma. Kila herufi huja imevaa kofia, isije ikajishikia ovyo. Asidi inapita, inaivua kofia, na kofia zikitoka zinageuza kimiminika kuwa rangi ya chungwa kali. Ukiiona rangi hiyo unajua kazi inakwenda. Kisha herufi mpya inaingia, salfa inapita, bomba linaoshwa, na mzunguko unaanza upya. Mara ishirini. Nimeizoea kiasi kwamba najua tulipo kwa mlio wa vali tu, hata nikiwa nimeipa mgongo.

Na kuna namna mbili za kuisimamisha. Kitufe cha kijani kimeandikwa "Osha kisha simama": mashine humaliza hatua, huosha bomba, ndipo hutulia. Kitufe chekundu kimeandikwa "Simama" tu. Hicho ni cha moto na mafuriko. Ukikibonyeza, kila kitu kinaganda pale pale kilipo, na kilichomo ndani ya bomba kinabaki ndani ya bomba.

Tulikuwa kwenye herufi ya kumi na tatu, asidi ndiyo kwanza imeingia, simu ikatetemeka mguuni.

Nilibonyeza chekundu. Hata sikufikiri. Nikatoka hadi ukumbini, nikainama, nikaichomoa simu kwenye soksi.

"Amepaliwa!" Dada alikuwa anapiga kelele. "Midomo imekuwa ya bluu, hapumui, nifanye nini, mdogo wangu, nifanye nini!"

"Mlaze kifudifudi juu ya paja lako. Kichwa kiwe chini. Mpige mgongoni katikati ya mabega, kwa kiganja. Kwa nguvu, dada. Weka simu sakafuni nikusikie. Moja. Mbili. Tatu."

Nilihesabu naye. Nilimsikia akipiga, nilimsikia akimwomba Mungu kati ya pigo na pigo, kisha kikasikika kikohozi kidogo, kisha kilio. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Nikampigia dereva wa teksi wa mtaani kwao awakimbize hospitali, nikampigia dada tena kuhakikisha dereva kafika. Niliporudi chumbani nilikuwa nimelowa jasho mpaka glavu hazikuvulika. Nikaangalia saa ya mashine. Dakika kumi na moja.

Asidi haitakiwi kukaa zaidi ya dakika mbili.

Hakuna fundi wa kazi hii asiyejua kinachotokea. Asidi ikikaa sana, herufi A na G huanza kudondoka kutoka kwenye sukari zao. Zile za mwisho, zenye nyongeza, hushikilia. Zile za katikati, ambazo tunaziacha na sukari ya kawaida kusudi kimeng'enya kizitambue, hazina wa kuzitetea. Nilijua. Nikabonyeza "Endelea", na rangi ya chungwa ikatoka, tena ya kupendeza. Nikaamua kuiamini ile rangi. Rangi hiyo inaonyesha kofia zimetoka; haisemi lolote kuhusu kilichodondoka nyuma, na hilo pia nilijua.

Siku nne baadaye Mkaguzi aliniita kwenye meza yake. Uzi ulikuwa umeshabanduliwa kwenye chembe kwa amonia na kusafishwa mara moja, na grafu yake ilikuwa mbele yetu, kilele kimoja kirefu na nyuma yake mkia wa vilima vidogo.

"Hivi ni vipande," alisema mzee, akigusa vilima kwa kalamu. "Nyuzi zilizokatika. Zote zimekatikia penye A au G, na zote katikati. Ncha ziko salama. Kwangu mimi hii inanuka asidi." Akaniangalia juu ya miwani. "Uliisimamisha mashine?"

"Hapana," nilisema.

Neno lenyewe lilitoka jepesi. Akaitikia kwa kichwa. "Haya. Labda vali inavuja. Tutaisafisha tena, vipande vitoke. Siku nne, na nadhani itapita."

Mkuu wa maabara aliposikia akashusha pumzi. Dawa ingechelewa siku nne tu. Mimi nilipaswa kuruka kwa furaha, lakini sikuweza. Jioni hiyo nikapitia kwa dada. Meneja alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, ameketi juu ya mto karibu na cherehani, na aliponiona akaninyooshea kidole.

"Mjomba, shati. Umekosea vifungo."

Kweli nilikuwa nimekosea. Akanivuta, akavifungua na kuvifunga upya, kimoja kimoja, ulimi umetoka nje kwa bidii. Alifunga vinne. Cha tano kikamshinda, akasema hicho atafunga mama.

"Daktari anasema avifunge kila siku, ni kipimo chake," dada alinieleza. "Mwezi uliopita alikuwa anafunga sita. Dawa lini?"

"Siku chache zimeongezeka, dada. Mashine ilikuwa na shida."

"Shida gani?"

"Shida ndogo."

Aliniwekea chakula, na nikala nikiwa nimeinamia sahani, kwa sababu kitu nilichokuwa nakikwepa tangu mchana kilikuwa kimekaa nami mezani. Vipande vilivyokatika havikunitisha, hivyo vingesafishika. Nilichoogopa ni nyuzi zilizopoteza herufi bila kukatika. Hizo ni ndefu kama wenzake. Zinapita pamoja na zile nzima chini ya kilele kile kile kirefu, na hakuna kusafisha kutakakozitenga vizuri. Na nakala nzima ya Meneja inatofautiana na nakala mbovu kwa herufi moja tu. Uzi wenye pengo unaweza kuishika ile nzima. Kimeng'enya kingekuja, kingekata, na safari hii kingekata kile kinachomweka hai. Mzee angejua aitafute hatari hiyo kama angejua kuna sababu. Sababu alikuwa ameniuliza. Mtu asiyeamini kitu mpaka akione kwenye karatasi, siku hiyo moja alikuwa ameniamini kwa mdomo.

Nilijiona takataka. Nalisema hivyo hivyo kwa sababu sina neno zuri zaidi.

Asubuhi nilifika kabla yake, nikamsubiri mlangoni pa ofisi ya mkuu, ili nisipate nafasi ya kulisema kwa mmoja na kulipunguza kwa mwingine. Walipoingia wote wawili sikukaa.

"Niliisimamisha mashine," nilisema. "Herufi ya kumi na tatu, kwa kitufe chekundu, asidi ikiwa ndani. Dakika kumi na moja. Nilikuwa na simu. Jana nilisema uongo."

Mzee aliweka mkoba wake chini taratibu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara moja, sikurudia."

"Najua, Mzee."

Nilitegemea anivue nguo kwa maneno, na ningemshukuru. Yeye akageuka akaenda maabara, nikamfuata. Tulipima uzito wa kile kilele kirefu kwa mashine inayoweza kutofautisha molekuli moja na nyingine kwa uzito, na tukazitafuta nyuzi zenye pengo makusudi. Zilikuwepo. Asilimia nne. Katika kila nyuzi mia moja, nne zingeingizwa kwa sindano kwenye uti wa mgongo wa mtoto wa dada yangu zikiwa hazijui zinamkata nani.

Mzee aliandika "IMEKATALIWA" kwenye lebo ya chupa, kwa herufi kubwa, akasaini. Kisha akanipa kalamu nami nisaini chini yake.

Sauti ya mkuu ilikuwa ndogo mpaka ilibidi nisogee kumsikia. Nitapata barua ya onyo. Kikao kitaamua kama nitamwaga unga au la. Malighafi ya zile herufi zenye sukari ya nyongeza ilikuwa imebaki kidogo, ya kutosha dozi mbili tu, na nyingine ingefika baada ya mwezi. Kuunganisha upya, kusafisha, kupima, kuhakikisha hakuna vijidudu, wiki tatu, hata tukikimbia.

"Na nani ataunganisha?" aliuliza. "Siwezi kumrudisha huyu pale."

"Hakuna mwingine," alisema mzee. "Aunganishe. Nitakaa naye."

"Utakaa naye saa nane nzima?"

"Kiti ninacho."

Tulianza alfajiri ya siku ya pili yake. Kabla hatujaingia mzee alinisimamisha ukumbini, akaniambia nikunje suruali, akanikagua soksi zote mbili mbele ya mfagizi. Aliweka kiti chake upande wa kushoto wa mashine na daftari juu ya magoti, na kila herufi ilipoingia aliandika saa na dakika. Nilikagua chupa za vimumunyisho, vile vimiminika vinavyobeba herufi, mara mbili kwa unyevu, kwa kuwa tone la maji lingetosha kuharibu, na hakukuwa na malighafi ya kosa la pili. Mgongo ulikuwa unaniuma, mkojo ulinibana kuanzia herufi ya tisa, na nilikuwa nimeapa kwamba hata jengo likiungua nitaungua na mkono kwenye kitufe cha kijani.

"Kumi na tatu," alisema mzee.

"Naiona."

"Najua unaiona."

Asidi ikaingia. Rangi ya chungwa ikatoka. Bomba likaoshwa. Aliandika saa. Tukaenda kumi na nne.

Dawa ilipita. Ilisafishwa mara mbili, ikapimwa, nyuzi zenye pengo hazikuonekana hata tulipozitafuta kwa vipimo vitatu. Mzee alisoma karatasi zote kuanzia mwanzo, halafu akazisoma kuanzia mwisho, ndipo akasaini. Chupa mbili ndogo za maji maangavu, ambazo mtu angeweza kuzimwaga kwenye sinki akidhani ni za kuoshea. Nikaomba ruhusa niende hospitali siku ya kwanza ya dawa, na mkuu, ambaye bado hakuwa amenisamehe, akaitoa.

Kabla ya sindano daktari wa neva alimpima Meneja upya, ili wajue dawa imemkuta wapi. Alimpa shati la mazoezi. Meneja akashika kifungo cha kwanza kwa mkono wa kulia. Vidole havikufunga. Akavitazama kama wafanyakazi waliochelewa kufika, akaviamuru kwa sauti, "Haya!" Havikufunga. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, kifungo kikateleza. Akalirudisha shati kwa daktari na kusema hilo shati ni baya.

"Hamna neno," alisema daktari, akaandika sifuri.

Walipompeleka chumba cha ndani, dada alimfuata daktari mpaka mlangoni. "Hivyo vidole, dawa itavirudisha?"

"Sitakudanganya, mama. Tunatarajia isizidi hapo. Vilivyoondoka vimeondoka."

"Wiki tatu zilizopita?"

Daktari akafunua karatasi. "Wiki tatu zilizopita alifunga vinne."

Mlango ukafungwa. Tulibaki wawili kwenye benchi la ukumbini, na nilijua kwamba kulisema kule kazini kulikuwa mchezo tu. Ningeweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angemwambia. Mzee si msemaji, na mkuu hamjui. Nikapiga moyo konde.

"Dada, mashine haikuwa na shida. Mimi niliharibu. Niliisimamisha vibaya, asidi ikaiharibu dawa, tukaanza upya. Zile wiki tatu ni zangu."

Aligeuza shingo polepole. Sikuweza kumwangalia machoni, nikaangalia mikono yake, yenye alama za sindano kwenye ncha za vidole.

"Uliisimamisha kwa nini?"

"Kwa uzembe."

"Wewe huna uzembe na kazi yako. Siku gani?"

Nilikuwa nimeapa hilo moja nitalimeza.

"Siku gani, nakuuliza."

"Jumanne ile."

Hakuhitaji kuhesabu. Aliweka kiganja mdomoni, mabega yakimpanda na kushuka. Nikataka kumshika, nikaogopa.

"Ile simu yangu," alisema.

"Simu sikupaswa kuwa nayo. Na kulikuwa na kitufe cha pili, dada, ningebonyeza hicho ningepoteza nusu dakika tu. Kosa ni langu, usilichukue."

"Silichukui." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Alikuwa anakufa mapajani mwangu. Ningempigia nani? Leo ikitokea nitapiga tena." Akafuta uso kwa ukingo wa kanga, kwa hasira, mara moja. "Sasa niambie wewe. Humo chupani mna dozi ngapi?"

"Mbili."

"Baada ya mbili?"

"Malighafi inafika Jumatatu ijayo. Naanza kuunganisha Jumanne. Wamekubali niendelee, chini ya usimamizi."

"Na Jumanne hiyo akipaliwa, nikakupigia?"

Ningeweza kutafuta jibu laini. Nilimwangalia machoni.

"Hutanipata."

"Midomo ikiwa ya bluu."

"Hutanipata, dada. Mpaka herufi ya ishirini."

Nilidhani atanipiga. Mkono wake ulinyanyuka, nami sikukwepa, lakini ulikuwa unakwenda kwenye mkoba. Akatoa simu, akaisogeza karibu na macho kwa sababu miwani aliisahau nyumbani, akalifuta jina langu lililokuwa la kwanza kati ya watu wa kupigiwa kukiwa na hatari. Mahali pake akaandika jina na namba ya jirani yake, muuguzi anayekaa ghorofa ya chini. Aliandika polepole, akihakiki kila namba.

"Haya," alisema alipomaliza. "Nifundishe tena unavyohesabu yale mapigo, nimfundishe na yeye."

Nikamgeuzia mgongo, nikainama, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kupiga, na dada yangu akanipiga katikati ya mabega kwa nguvu zake zote, moja, mbili, tatu, mpaka muuguzi wa hospitali akafungua mlango kutuambia sindano imekwisha na Meneja anauliza sisi tuko wapi.